Aliyeshika Upondo

Mejumaa mwanangu,

Assalamu alaykum. Nakuandikia nikiwa hapa barazani, alasiri imeshaswaliwa, nawe umekwenda Galu kuwaaga shangazi zako. Basi lako la Dar es Salaam ni la kesho asubuhi. Mama yako yuko ndani anakukunjia nguo, na kila nguo anaikunja mara mbili. Mambo ya kula, ya kufunga mlango na ya kutomwamini mtu wa stendi amekwisha kukwambia yeye, nikiyarudia utanicheka. Mimi nina jambo jingine. Nimekaa nalo tangu ulipokuwa kidato cha pili, na kila nikitaka kukwambia ana kwa ana naishia kukuuliza kama umekula. Ndivyo tulivyo sisi wapishi.

Unakwenda kufanya kazi ya kuwachorea watu vitabu vya katuni. Watakuja na hadithi zao, za mapenzi, za misiba, za biashara, na watakwambia, "Nichoree." Mimi niliwahi kuwa mmoja wa watu hao, na nilikuwa mteja mbaya sana. Mengine uliyaona, mengine yalipita nyuma yako. Leo nakupa yote.

Babu yako Rashidi alipofariki nilitaka kumfanyia jambo litakalobaki. Siku moja hotelini ninakopika nilimwona mtoto wa mgeni anasoma kitabu cha katuni mezani, chakula kimepoa mbele yake, mamake amemwita mpaka amechoka. Nikawaza, hadithi ya baba ikiwekwa namna hii, wajukuu hawataiweka chini. Nikaazimia kiwe tayari kabla ya hitima yake ya mwaka, wakati ukoo mzima utakapokutana.

Na hadithi unaijua, ile ya kuzaliwa kwangu, jinsi babu alivyopenda kuisimulia. Masika makubwa, mto umefurika, barabara ya kutoka kwetu Jego kwenda Vanga imemezwa na maji. Mama ameshikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Baba anamlaza ndani ya mtumbwi wa jirani, anashika upondo, ule mti mrefu wa kusukumia, na anausukuma mtumbwi peke yake katikati ya mikoko tangu asubuhi mpaka karibu na adhuhuri. Wakafika zahanati ya Vanga, nami nikazaliwa kabla hajawahi hata kuufunga mtumbwi kamba. Aliisimulia arusini, aliisimulia matangani. Na kila alipofika pale pa kusema "viganja vyangu vilichubuka vyote," mama alikuwa akiinuka kwenda kutazama chai. Miaka yote hiyo sikujiuliza kwa nini chai ilitaka kutazamwa wakati uleule.

Nyambura nilimpata hotelini. Alikuwa akija Jumamosi kuwachora wageni pale karibu na bwawa, lakini kazi yake hasa ilikuwa vitabu vya katuni. Alitoka bara, amepanga chumba Ukunda, na watu wa mbali walimtumia hadithi zao naye akazigeuza kurasa. Nilipomweleza nia yangu alinikalisha akanipa utaratibu wake. Kwanza mazungumzo. Kisha kurasa za penseli. Nikiridhika na penseli ndipo wino, nikiridhika na wino ndipo rangi.

"Kwa penseli tunabadilisha chochote, mzee," aliniambia. "Lakini wino ukishaingia, kubadilisha ni kuanza upya. Hiyo tuiandike mapema ndio tusikosane huko mbele." Kisha akauliza, "Na mamako yuko? Ningependa kuongea naye pia."

Nikamwambia mama ni mzee, hapendi kusumbuliwa. Uongo mtupu. Bibi yako wakati ule alikuwa akienda Galu kwa miguu kila asubuhi na kurudi, na njiani akisimama kuzungumza na kila mtu.

Alipoleta penseli za kwanza hapa nyumbani, babu alikuwa ndiye babu: mwembamba, mabega yameinama kidogo, kofia imekaa upande. Alimchora kutoka katika picha niliyompa mwenyewe. Nikazirudisha. "Haijapendeza," nikasema. Akaniuliza ni nini hakijapendeza. Nikamjibu, "Wewe ndiye msanii, utajua." Akachora tena, nikarudisha tena. Unajua jinsi ninavyowaka jikoni sahani ikirudi bila mgeni kusema imekosa nini, chumvi au moto. Mimi huyohuyo nilimfanyia yule dada jambo lilelile mara tatu. Mwisho nikampelekea picha ya mwanamiereka niliyoikata gazetini. Nikamwambia mwili uwe huu, uso uwe wa baba.

Alicheka, kisha akaona mimi sicheki. "Mzee, huyu si babako," akasema. "Huyu akipanda ule mtumbwi, unazama."

Siku ileile ulimwonyesha daftari lako la michoro. Alikaa nalo, anafungua ukurasa mmoja mmoja, anarudi nyuma, anakuuliza hiki umekichora vipi. Alikaa na kazi yako muda mrefu kuliko mimi nilivyokaa na kazi yake. Hilo nililiona, na sikulipenda.

Na siku hiyo ulinisikia nikimrudia ule uongo juu ya bibi yako, ukajua si kweli. Alhamisi iliyofuata, nikiwa kazini, ulimwita Nyambura ukamkalisha uani, bibi yako anapepeta mchele. Haya niliyasikia baadaye kutoka kwenu nyote watatu, na hamkutofautiana hata neno, kwa hiyo nayaandika kama niliyekuwepo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu mkekani. Mejumaa ananiambia unamchora mume wangu. Unamchora anafanya nini?"

"Anasukuma mtumbwi, bibi. Wewe umelala ndani."

Bibi yako akaweka ungo chini, akacheka mpaka akajishika ubavu. "Rashidi? Rashidi alikanyaga chaza palepale tulipokuwa tukiondoka. Mguu ukapasuka, akaona damu yake mwenyewe, akazimia. Mimi ndiye niliyemkokota nikamlaza mtumbwini. Uchungu ulikuwa unakuja na kuondoka. Ukija, naegemea upondo. Ukiondoka, nasukuma."

"Kwa hivyo yeye hakufanya kitu?"

"Nani kasema hakufanya?" Hapo, uliniambia, hakucheka tena. "Alipozinduka alichukua kifuu cha nazi akawa anafua maji na kuyamwaga nje, maana mtumbwi ulikuwa unavuja vibaya. Na alinichekesha. Alinikumbusha siku aliyokuja kwetu kuposa, amevaa kanzu ya kuazima, ndefu, akajikwaa mlangoni mbele ya baba yangu. Nilicheka na uchungu wangu, mwanangu. Asingenichekesha ningekaa chini nikalia, na sote watatu tungebaki mle mikokoni."

Wewe ndiye uliyemuuliza kwa nini hakusema.

"Aliona haya," akajibu. "Tulipofika Vanga watu walimwona na damu mguuni, wakamwuliza, umemsukuma wewe mpaka huku? Akanitazama. Nami nikanyamaza. Basi ikawa hivyo."

Nyambura aliniletea hotelini ukurasa mpya wa penseli: mama amesimama na upondo, tumbo mbele, na baba amekaa chini na kifuu mkononi. Nilihisi kama mtu amemvua baba yangu nguo barabarani. Nikamwambia kazi yake na mimi imekwisha. Akasema, "Sawa, mzee," akakusanya karatasi zake bila kelele. Nilipofika nyumbani nikauliza ni nani aliyemleta kwa bibi. Ukasema, "Mimi, baba." Hukumtupia mwenzako lawama, wala hukusingizia bibi. Ulisimama pale mlangoni na sare yako ya shule.

Nililichukua daftari lako. Nikasema kuchora kumekufundisha utovu wa adabu, nikalitupa juu ya kabati mahali usipopafikia. Lilikaa huko mwezi mzima na siku juu yake. Sikukupiga, na kwa muda mrefu nilijisifu kwamba sikukupiga. Lakini katika mwezi ule uliacha kuongea mezani. Ulikula, ukaosha sahani, ukaenda zako. Mama yako aliniambia, "Umemnyang'anya mtoto mdomo." Nikajifanya sikusikia.

Nikatafuta mchoraji mwingine, kijana wa mbali niliyeongea naye kwa simu tu. Sitamsingizia, alikuwa na mkono mzuri. Kila nilichotaka alikichora. Baba akawa na kifua, akawa na misuli, mawimbi yakawa makubwa kuliko nyumba, mahali ambapo hapajawahi kuwa na wimbi tangu dunia iumbwe. Kurasa zote zilipokamilika nilizichapisha, nikampelekea mama, nikakaa karibu yake ningoje sifa.

Alivaa miwani. Akapekua taratibu, akarudi nyuma, akapekua tena.

"Huyu aliyefunikwa leso tangu miguuni mpaka usoni ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Kurasa zote nimefunikwa?"

Nikamwambia ndiyo, kwa sababu ya heshima.

Aliziweka sawa zile karatasi, akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha chombo cha jirani. "Ahsante, mwanangu. Ni kizuri. Lakini mimi nilikuwepo."

Mejumaa, nimeshafokewa na wapishi wakuu, nimeshafokewa na wageni mbele ya watu. Hakuna neno lililonishukia kama lile. Nikamwambia, "Lakini, mama, tukichora ulivyosema wewe, baba ataaibika."

"Ataaibika kwa nani?" akaniuliza. "Mimi ndiye niliyeishi naye, na sikumwonea aibu hata siku moja. Nilimpenda yule aliyejikwaa mlangoni. Huyu wako mwenye kifua simjui."

Kesho yake nilikwenda Ukunda. Nilibeba mahamri, maana sijui kuomba radhi mikono mitupu. Nyambura alifungua mlango, akaniangalia, akayaangalia mahamri, akanipisha niingie. Nikamwambia nimekosa. Nikamtajia makosa moja moja, la kumrudishia kazi bila neno, la kumficha mama, la mwanamiereka. Kwenye mwanamiereka tulicheka sote wawili.

"Sina shida na wewe, mzee," akasema. "Kazi nitaifanya. Lakini bibi nitaongea naye siku yoyote nikitaka. Ukirudisha ukurasa, unaniambia imekosa nini. Jina langu linakaa kwenye jalada." Mwanzoni, nisikufiche, nilikuwa nimemwambia jina lake lisiwekwe, eti kitabu ni cha ukoo. "Na rangi," akamalizia, "nataka Mejumaa anisaidie shule zikifungwa. Naye jina lake liandikwe."

Nilikubali kabla hajafunga mdomo.

Jioni ile nilikushushia daftari. Unakumbuka nilichokwambia? Nilisema, "Chukua, lisije likaliwa na mende." Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno mengine njia nzima kutoka Ukunda, na hayo ndiyo yaliyotoka. Maneno yenyewe yalikuwa haya: nisamehe, mwanangu. Nilichukua kitu chako kwa sababu ulikuwa umesema kweli mbele yangu. Nayaandika leo ili uende nayo.

Likizo ile ndiyo niliyoanza kukujua. Nyambura alikuwa amepaka maji rangi ya samawati, kama bahari ya kadi za posta. Wewe ukasita, ukamwendea bibi ukamwuliza maji ya mafuriko yalikuwa na rangi gani. Akakwambia yalikuwa kama chai ya maziwa kidogo, na povu lake chafu pembeni. Ukarudi ukamwambia Nyambura kwamba bibi anasema sivyo. Nilidhani atakasirika. Alifuta yote mkaanza upya. Ukurasa wa tisa, ule ambao bibi yako ameegemea upondo na kufumba macho, na babu na kifuu chake mdomo wazi katikati ya hadithi ya kanzu, rangi yake ni mkono wako mtupu. Ulinionyesha jikoni, nami nikakwambia ninakata vitunguu. Sikuwa nakata vitunguu.

Siku ya hitima, baada ya dua na chakula, kitabu kilipita mkono kwa mkono. Nilikuwa namwogopa mtu mmoja, kaka mkubwa wa babu yako, Mzee Mwinyi, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo na hacheki na mtu. Alikichukua, akakisoma toka mwanzo. Alipofika pale babu anapozimia, mabega yakaanza kumtikisika. Nikasema yamekwisha, mzee analia kwa hasira. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka akavua kofia ajifutie machozi. "Huyu ndiye ndugu yangu," akasema. "Tangu utotoni akiona damu anaanguka. Kuku wa Idi tulimchinjia sisi." Kisha akamgeukia bibi yako, na mbele ya wote akamwambia, "Shemeji, hatukukupa ahsante yako. Ahsante." Bibi yako akaitika kwa kichwa, akasema wali umebaki mwingi, watu waongeze.

Baada ya hapo kila mtu alikuwa na lake la babu. Alivyoogopa sindano, alivyoimba vibaya, alivyowafundisha watoto wa jirani kuhesabu kwa kokwa za embe. Nilitaka kuwapa mtu wa kustaajabia. Ninyi mliwarudishia mtu waliyemjua, na wakamlilia upya, kwa raha.

Kwa hiyo utakapokaa huko mezani kwako, na mtu akakurudishia ukurasa akasema tu haijapendeza, usidhani mkono wako mbovu. Mwulize polepole. Pengine anaogopa kitu, kama nilivyoogopa mimi, na hajui kukitaja. Mvumilie mpaka pale anapotaka umfute mtu aliyekuwepo. Hapo kusanya karatasi zako kama Nyambura alivyofanya, bila matusi, ili awe na mlango wa kurudia. Wengine hawatarudi. Niliporudi mimi nilikuwa nimebakisha kidogo nisirudi, na aliyenirudisha alikuwa bibi yako, si akili yangu.

Na jina lako liandike. Usingoje mtu akupe ruhusa. Nilitaka kumnyima mwanamke jina lake kwenye kitabu kilichokuja kurudisha heshima ya mwanamke mwingine, na sikuona kichekesho chake mpaka mama yako aliponionyesha.

Sasa nikwambie la leo, ambalo nusu yake hukuisikia. Yule bwana aliyekuja asubuhi kutoka Vanga na bahasha ya picha, alinikuta mimi kwanza pale nje. Akanisalimu, akauliza kama hapa ndipo kwa mchoraji wa vitabu. Nikasema ndipo. Akaanza kunieleza anachotaka: kitabu cha marehemu mkewe, aliyekuwa akifunza chuoni, watoto wake wadogo wanaanza kumsahau. Nami nikaanza kutikisa kichwa na kumwuliza kurasa ngapi, kama mwenye kazi. Kisha nikajisikia. Nikamwambia, "Samahani, ndugu yangu, mimi si mtu wa kunieleza. Ngoja nimwite mwenyewe."

Ukatoka. Nilileta chai nikakaa kando kidogo, nisikae mbali sana. Nilikusikia ukimwambia kwamba kesho unasafiri na kazi utaifanya ukiwa Dar, na kama hawezi kungoja, utampeleka kwa Nyambura. Akasema atangoja. Ukamwuliza mkewe alikuwa akicheka vipi. Yule bwana akajaribu kuuigiza mcheko wake, mtu mzima vile, katika baraza ya watu asiowajua. Wewe ulikuwa umeshaanza kuchora. Hukumharakisha, hukumwonea huruma ya kumsumbua. Ulimtazama tu, ukachora.

Ulipoingia ndani kutafuta karatasi kubwa, alinigeukia akaniuliza, "Na wewe, mzee, unafanya kazi pamoja naye?"

Huko hotelini, mtu akiniuliza mimi ni nani, nina jibu langu, kwamba mimi ni mpishi, nimelitumia miaka mingi na huwa nalitamka nikiwa nimenyoosha kofia. Leo halikunijia hata kidogo.

"La," nikamwambia. "Mimi ndiye babake Mejumaa."

Na sauti yangu, mwanangu, ilipanda yenyewe, kama ya mtu anayetaja cheo.

Nenda kwa amani ya Mwenyezi Mungu, na kazi ya mikono yako iwe na baraka kwako na kwa hao watakaokuletea watu wao uwachore.

Baba yako,
hapa Mwabungo.